Nionyesheni Mtoto Mmoja

Pangani, Kibaha
11 Januari 2025

Kwa Mama yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta mzima, na lile goti limetulia. Sisi huku hatujambo. Hashiru anakusalimu, bado anaamka gizani kwenda kazini Dar na anarudi amechoka hata kusema hataki. Tunu ndiye mzima kuliko sote. Ameingia darasa la tatu.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu yako inashinda dukani kwa Jabiri ikichajiwa, na kila ujumbe ukiingia Jabiri anausoma kwa sauti kama anatangaza msiba. Mwaka jana nilikuandikia habari za kichomi changu, wiki ile ile watu watatu wa Mzenga wakanipigia kunipa pole. Hili la leo sitaki lipite dukani. Barua nimempa Omary wa hapo kwenu, akishashusha mananasi yake hapa Maili Moja atarudi nayo kwenye kile kigari chake cha kirikuu na kukukabidhi mkononi.

Jambo lenyewe ni la heri. Mwezi wa kumi na mbili walikuja hapa watu wa wakala wa vipaji vya watoto, wanajiita Kioo cha Kesho. Wanatafuta watoto wa kuonekana kwenye matangazo ya televisheni, kwenye mabango na kwenye tamthilia. Waliweka meza karibu na soko, watoto wakapangwa mstari, kila mmoja anaambiwa atembee, ageuke, ataje jina lake. Tunu hakutaja jina tu, aliwaimbia. Unamjua. Jioni nikapigiwa simu na mkuu wao, Madamu Zena, akaniambia mwanangu amechaguliwa.

Sasa kuna warsha, kila Jumamosi kwa miezi mitatu, na inalipiwa. Mwishoni kuna maonyesho mbele ya watu wa makampuni. Ada ni kubwa, sitakuficha. Bati za jiko lako nilizokuahidi mwaka huu zitasubiri kidogo. Hashiru anaguna, anasema mtoto aliyechaguliwa halipi. Nimemwambia mtoto mwenye kipaji asipopelekwa mahali ataishia kuimbia kuku.

Sikuandikii kuomba ruhusa, Mama. Nakujulisha kwa sababu wewe ni mama yangu. Nina nyumba yangu, na mtoto ni wangu.

Mwanao,
Rahma

*

Mzenga, Kisarawe
19 Januari 2025

Mwanangu Rahma,

Marahaba. Goti lipo pale pale, halijaniambia linaondoka lini. Mie mzima, mbuzi wazima, mihogo imeshika. Jabiri kaona Omary ananipa bahasha, kanifuata hadi uwanjani kuuliza kuna nini. Nimemwambia ni karatasi ya kodi, akarudi dukani mbio. Haya ninayaandika kwa mkono wangu mwenyewe, ile elimu ya watu wazima haikupotea bure.

Bati zisubiri. Mvua ya jikoni tumeshazoeana. Sisemei bati.

Nasemea hili: nani anamlipa nani? Mie nimekuwa manju wa mdundiko tangu wewe hujazaliwa. Mbele ya ngoma naimba mie, wengine wanaitikia. Wamekuja watu kutoka Maneromango, kutoka Chole, hata kutoka Mlandizi huko kwenu, wakitaka niwaimbie harusi. Mtu anakuja na kanga mkononi, anapiga hodi, anakaa, anaomba. Siku ikifika nafuatwa, nalishwa, na ngoma ikikolea watu wanainuka kunitunza, noti inabandikwa kwenye paji la uso na jasho linaishika. Sijawahi hata siku moja kumlipa mwenye harusi ili aniache niimbe. Tangu lini mchezaji akamtunza mwenye shughuli? Hao wenzako wamelipindua jambo juu chini, na wewe umekaa ndani yake umefurahi.

Nakupa kazi ndogo. Jumamosi ukienda, mwambie huyo Madamu: nionyesheni mtoto mmoja. Mmoja tu, ana jina, ana mama, anakaa mahali, alipita hapo kwenu na leo yuko kwenye hiyo televisheni. Picha ya ukutani sitaki. Nataka mtoto. Akikuonyesha, nauza beberu wangu nimlipie Tunu mwenyewe, na domo langu nalifunga.

Na Hashiru, kwa mara ya kwanza tangu akuoe, kasema neno nimelipenda. Mwambie hivyo.

Mimi,
Mama yako

*

Pangani, Kibaha
2 Februari 2025

Mama,

Shikamoo. Sote wazima. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimepata hasira mpya.

Nimeshalipa. Tunu ameanza jana. Swali lako sikuliuliza. Nilikuwa nalo mdomoni, nikawatazama wazazi wenzangu walivyovaa, hakuna aliyeuliza kitu, nikaona nikiuliza mimi nitaonekana mshamba aliyekuja kuharibu. Nikalimeza.

Unajua kwa nini nimelipa? Unamkumbuka Mwalimu Laurean? Nilikuwa darasa la sita. Alikuja nyumbani mwenyewe jioni, Baba akiwa hai, akakalishwa kwenye kigoda uwanjani. Alitaka kunipeleka Dar pamoja na watoto wengine wanne tukaigize mchezo wa redio. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimebana pumzi. Ulimfukuza na mwiko wa ugali mkononi. Hukunieleza sababu siku ile, wala kesho yake, wala mpaka leo. Baadaye nikausikia mchezo redioni kwa jirani, mtoto mwingine anasema maneno niliyokuwa nimeyakariri mimi. Nililia mpaka nikapata homa, ukanichemshia mwarobaini.

Kwa hiyo usinifundishe habari za kipaji, Mama. Ulichoninyima mimi sitamnyima mwanangu, hata nikibaki na gauni moja. Na kama utajibu yale yale, usijibu.

Mwanao,
Rahma

*

Pangani, Kibaha
16 Machi 2025

Kwa Mama,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Naamini unafunga salama na goti halikusumbui kwenye tarawehe. Nimempa Omary tende na sukari kidogo ya futari.

Wiki sita hujanijibu. Sawa, niliyataka mwenyewe. Lakini nimekosa hata mtu wa kugombana naye, ndiyo maana naandika.

Tunu anaendelea. Wanafundishwa kutembea, kuitazama kamera, kusema maneno ya tangazo bila kuvuta pumzi katikati. Wanafundishwa na kulia. Madamu Zena akipiga kofi moja kwa viganja vyake, machozi yanatakiwa yatoke. Watoto wanaambiwa wamkumbuke mtu wao aliyekufa. Tunu anamkumbuka babu yake. Mara ya kwanza alilia vizuri, wazazi tukapiga makofi. Tulipofika nyumbani akaniuliza kama Babu anajua kwamba wanamtumia.

Lipo na jingine. Madamu aliniita pembeni. Anasema Tunu ni mzuri, ana sauti, ila ana mwanya. Ule wa meno ya mbele, ya juu. Anasema kamera haiupendi, kwenye picha unaonekana kama tundu. Wana daktari wao wa meno, anauziba kwa dawa inayoganda kama jino, haiumi. Tutalipa sisi, pamoja na ada ya awamu ya pili. Bila hivyo hawezi kumpeleka mbele ya makampuni.

Nimesema nitafikiri. Kwa sasa wamemfundisha kutabasamu mdomo ukiwa umefungwa, na akicheka anaweka kiganja mdomoni. Hata hapa nyumbani anafanya hivyo. Jirani yangu Eugenia, ambaye Evaline wake yuko kwenye warsha hiyo hiyo, anasema Tunu amekuwa na adabu ya kike. Kuimba amepunguza, lakini nadhani ni uchovu wa Jumamosi.

Nijibu, Mama. Hata kwa ubaya.

Mwanao,
Rahma

*

Mzenga, Kisarawe
20 Machi 2025

Rahma,

Marahaba. Tende nimepokea, nimefuturu nazo, Mungu akulipe. Salamu zimeishia hapo.

Ulisema nisijibu yale yale, na mie sikuwa na mengine, nikanyamaza. Sasa ninayo.

Mwanya ule si wako kuuziba. Ulikuwa wa mama yangu, Bi Mwamini, akanipa mie. Wewe ulitoka na meno ya baba yako, yamebanana kama watu wanaogombea bomba, nikasema basi, umeishia kwangu. Tunu alipoota meno nilikuja Kibaha, nikamfungua mdomo mbele yako na nikapiga kigelegele majirani wakadhani mna harusi. Sie huku mwanya ni uzuri wa mtu. Wangu umetungiwa nyimbo. Marehemu Mfaume, baba yako, alikuja kwa miguu kutoka Maneromango kuuona, akakaa hapa siku tatu akisingizia anatafuta mbuzi aliyepotea. Leo mtu mwenye kamera anauita tundu, na wewe unasema utafikiri.

Unaniandikia kama habari njema kwamba mtoto anaziba mdomo akicheka. Hebu soma barua yako mwenyewe. Umeandika kuimba kapunguza, halafu ukachukua neno uchovu ukalifunika juu yake. Hamna uchovu hapo. Mtoto kafundishwa kuona haya kwa kitu ambacho hakukiiba.

Na mume wangu hapigiwi makofi kwa kuliliwa. Huyo mama akitaka machozi akate vitunguu.

Hayo maonyesho ni lini? Nakuja.

Mama yako

*

Pangani, Kibaha
12 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Mkono wa Idi umefika, kanga na kashata, Tunu amekula kashata zote kabla sijazihesabu. Anakushukuru.

Usije. Nakuomba. Maonyesho ni Jumamosi tarehe 26, sikukuu ya Muungano, saa nne asubuhi, ukumbi wa ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, hapa Maili Moja. Nakuambia ili usije ukasema nilikuficha. Kila mtoto ana kadi mbili tu za mwaliko, moja yangu na moja ya Hashiru. Watakuwepo watu wa makampuni. Ni mahali pa kukaa kimya na kupiga makofi pale unapoambiwa, na wewe hujawahi kukaa kimya hata kwenye hitima.

Jumatatu inayofuata Tunu ana miadi kwa daktari wa meno. Nimeshaamua, na Tunu mwenyewe hajakataa. Nisamehe, lakini nimefika mbali mno kurudi nyuma.

Mwanao,
Rahma

*

Mzenga, Kisarawe
29 Aprili 2025

Rahma,

Mie mzima. Goti usiniulize.

Nilikuja, kama ulivyoona. Kadi alinipa mumeo. Alimkabidhi Omary aniletee, na salamu kwamba siku hiyo yeye atakuwa kazini. Siku ya sikukuu. Mungu amzidishie kazi.

Sikuja kufanya fujo. Nilikaa nyuma kabisa, kimya, tangu mtoto wa kwanza hadi wa tisa, wanatembea kama wamemeza fimbo. Akaingia Tunu wetu. Akasimama kwenye taa akasema lile tangazo la sabuni, mdomo kaubana, maneno yanatoka kwa kujipenyeza. Nilimwona mtoto anaogopa meno yake mwenyewe. Kisha macho yake yakanipata kule nyuma, akasahau yote aliyofundishwa. Akacheka. Ukumbi mzima ukauona mwanya.

Ndiyo, niliinuka. Mchezaji akitupendeza sie ndivyo tunavyofanya. Nilipiga kigelegele, nikapanda jukwaani, nikamfunga kanga kiunoni na nikambandika noti kwenye paji. Sikujua kwamba pale ni kosa. Na kama ni kosa tulikosa wengi, maana mama mmoja aliyesema katoka Mlandizi alinifuata, na mwenye buibui jeusi, na wengine watano sita, kila mmoja na noti yake. Hata baba mmoja wa bara alikuja, hajui anachofanya, kanibandika mie noti badala ya mtoto. Mara akaja dada wa ofisini kwao, kitambulisho shingoni, na kikapu. Anazibandua hela usoni kwa mtoto anatia kikapuni. Nikamuuliza zinakwenda wapi. Kasema ni mchango wa kukuza vipaji. Nikamwambia hela ya kutunzwa ni ya aliyetunzwa, hata manju haigusi ya mwenzake. Ndipo akaja Madamu Zena na tabasamu lake akasema, "Bibi, hapa kuna utaratibu." Wakanishika, mmoja huku na mmoja huku, wakanishusha zile ngazi na goti langu hili.

Nilikutazama, Rahma. Ulikuwa mstari wa mbele. Ulikuwa unaangalia miguu yako.

Omary alikuwa ananisubiri chini. Nimerudi kwangu. Meno ya mtoto fanya unavyotaka. Mie siandiki tena.

Mama

*

Pangani, Kibaha
4 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, ile ambayo sikukupa ukumbini.

Ni kweli niliangalia miguu yangu. Sina la kusingizia. Nilikuonea haya, mama yangu mzazi, mbele ya watu nisiowajua hata majina. Nisamehe. Lakini uliondoka kabla mambo hayajaisha, kwa hiyo hata kama una hasira, soma hadi mwisho.

Mlango ulipofungwa, Madamu alichukua kipaza sauti akawaomba radhi wageni kwa ajili ya bibi yetu wa kutoka shamba. Watu wakacheka, si wote. Akamwambia Tunu afungue ile kanga na aanze upya, na atabasamu kama alivyofundishwa. Tunu hakuifungua. Alikaza fundo. Halafu akasema, bila kipaza sauti, mdomo wote wazi:

"Yule ni bibi yangu. Ana mwanya kama mimi. Mimi siuzibi."

Akashuka jukwaani, akaenda moja kwa moja kwenye kikapu, akaanza kutoa hela zake. Yule dada akamshika mkono.

Mama, sijui nilifikaje pale. Nakumbuka tu kwamba mkono wa yule dada nilikuwa nimeukamata mimi, na kuna mtu alikuwa anasema kwa sauti kubwa, na mtu huyo nilikuwa mimi, navuta maneno kama wewe. Nikamgeukia Madamu Zena. "Nionyesheni mtoto mmoja." Akasema wapo wengi. Nikasema nataka mmoja, ana jina, ana mama, anakaa mahali. Akasema majina ya watoto ni siri ya kazi. Nikamuuliza siri gani hiyo ya mtoto anayeonekana kwenye televisheni na nchi nzima. Watu wakacheka tena, na safari hii hawakuwa wanakucheka wewe.

Eugenia akainuka. Yeye ni mtu mpole, anaomba samahani hata kwa kuku, lakini alikuwa ameshalipa awamu zote mbili. Akaomba hao watu wa makampuni wasimame tuwaone. Kwenye viti vya wageni rasmi walikaa watu wanne. Mmoja akatoka nje haraka kama ameitwa na simu. Mwingine, baba wa makamo, akaona bora aseme ukweli: yeye ni binamu wa Madamu, aliombwa tu avae suti aje akae. Baada ya hapo, Mama, sikuwa na haja ya kuuliza kitu tena. Kila mzazi alimchukua mtoto wake.

Ada hatukurudishiwa. Wametuonyesha karatasi tulizosaini, na kweli tumesaini. Lakini jana walikuwa wanapokea watoto wapya, na sisi wazazi saba tulikwenda tukasimama chini, mwanzo wa ngazi. Hatumtukani mtu, hatumzuii mtu. Kila mzazi anayetaka kupanda tunamwambia aulize lile swali kwanza kabla hajatoa hela. Madamu akashuka, akasema atatuitia polisi. Eugenia akamwambia awaite, tutawauliza na wao kama wamewahi kumwona huyo mtoto. Hadi adhuhuri wazazi kumi na mmoja walikuwa wamegeuza wakarudi makwao. Jumamosi ijayo tunakwenda tena. Hashiru naye anakuja, anasema siku hiyo hana kazi.

Kwa daktari hatukwenda. Jumatatu ile Tunu alishinda anaimba mpaka jirani akagonga ukuta. Noti yako, ile uliyokuwa umeikunja mara nne, amekataa kuitumia, ameiweka ndani ya daftari lake la hesabu.

Nimebaki na jambo moja linanisumbua. Niliandika kwako kwamba Tunu hajakataa. Ukweli ni kwamba sikumuuliza. Nilimwambia tu. Ndipo nikakumbuka kwamba na wewe hukuniuliza. Mwalimu Laurean alikukosea nini, Mama? Nijibu hilo, hata kwa mistari miwili. Nina umri wa miaka thelathini na saba na bado niko nyuma ya ule mlango.

Mwanao,
Rahma

*

Mzenga, Kisarawe
31 Mei 2025

Rahma mwanangu,

Marahaba. Marahaba zote mbili.

Nimekawia kwa sababu karatasi tatu nimechana. Omary kaja mara nne kuuliza kama kuna barua, mara ya nne nikamwambia akiniuliza tena atarudi Kibaha bila mananasi.

Mwalimu Laurean hakuwa mtu mbaya. Alikaa pale, akamsifu baba yako kwa kuzaa binti mwenye sauti. Kisha akasema mkifika Dar utafundishwa kwanza kuongea, maana unaongea kishamba, unavuta maneno kama mama yako, na redioni haitafaa. Aliyasema kwa wema kabisa. Mie nilikuwa nasonga ugali hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa manju, Rahma, watu wananifuata toka Chole kwa maneno hayo hayo ya kuvuta. Damu ikanipanda. Mwiko sikuufuata, nilikuwa nao tayari.

Hilo silijutii. Hakustahili kusema vile kwenye uwanja wangu, na akija kesho namfukuza tena. Lakini wewe ulikuwa nyuma ya mlango na mie nilijua upo. Vidole vyako vya miguu vilikuwa vinaonekana chini. Ningeweza kumfukuza yeye, halafu nikaja nikakuuliza wewe. Sikuuliza. Nilitetea ulimi wangu, wako nikaunyamazisha, na miaka yote hii nimekwenda kwa watu nikilalamika kwamba binti yangu ni mkaidi. Hilo nalijutia. Nimelilia, na wala sikupigiwa kofi.

Sasa sikia. Watu wazima saba mnasimama kwenye ngazi kila Jumamosi mikono mitupu, mnauliza swali kwa adabu. Ngoma zangu mbili zimelala darini. Nampa Omary awaletee. Huyo Madamu akija na polisi wake akute watu wako kwenye shughuli.

Na kuna harusi. Yule binti Sikudhani, wa mzee wa kisimani, anaolewa mwezi wa saba, wamenijia na kanga, wanataka mdundiko kutoka kwao mpaka kwa bwana harusi. Nimewaambia goti litanifikisha njia panda tu. Kuanzia njia panda nahitaji mtu wa kuimba mbele badala yangu. Jina la mtu sijawapa. Safari hii nauliza kwanza.

Ulitaka kuimba, Rahma? Na sasa je?

Mama yako

*

Pangani, Kibaha
8 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Ngoma zimefika, Hashiru ameshapasua kucha kwa kuzijaribu.

Nilitaka. Bado nataka.

Tunakuja wawili. Tunu nimemuuliza, anasema ataitikia, na mdomo hatauziba. Kile kigoda alichokalia Mwalimu Laurean kitoe ukiweke uwanjani, nitakikalia mimi nikijifunza nyimbo zako, na maneno nitayavuta.

Barua hii mpe Jabiri. Aisome dukani, kwa sauti.

Mwanao,
Rahma